Apandisite ya watoto: tunaita nini kupona?

Wazazi wanatuuliza swali moja mara kwa mara: «Ni kweli apandisite ya mutoto inaweza kupona na dawa tu, bila kumupasula?» Mmoja amesikia kwa ndugu anayeishi Ubelgiji, mwingine ameona kwenye simu. Jibu fupi ni ndiyo, kwa watoto fulani, mahali fulani, chini ya macho ya wanganga. Lakini jibu hilo likifika peke yake Katuba, Kolwezi ao Kalemie, linaweza kuua mtoto. Ndiyo sababu tumeona vizuri tulifungue swali lenyewe. Kabla ya kusema matibabu haya yanashinda ao yanashindwa, lazima kwanza mtu aseme kushinda ni nini. Na hapo ndipo watu hawapatani, huko Ulaya na Marekani kama vile hapa kwetu.

Tukumbuke kidogo ugonjwa wenyewe. Kidole tumbo ni kijitawi kidogo kinachoshikamana na mwanzo wa utumbo mkubwa, chini upande wa kuume. Kikivimba, maumivu mara nyingi yanaanzia karibu na kitovu, halafu yanashuka kuume. Mtoto anakataa chakula, anatapika, anapata homa, anatembea akiinama. Kwa watoto wadogo dalili hazijipangi hivyo, na chini ya miaka mitano wengi wanagunduliwa kidole kikiwa kimekwisha kupasuka. Kikipasuka, usaha unamwagika ndani ya tumbo. Kutoka hapo operesheni inakuwa kubwa, siku za kulala hospitali zinaongezeka, na mtoto anaweza kufa.

Kwa zaidi ya miaka mia moja matibabu yalikuwa yanajulikana: kisu. Na kipimo cha kupona kilikuwa rahisi: kidole kimetoka, kidonda kimefunga, mtoto amerudi nyumbani. Miaka hii antibiotiki zimeleta mashindano, na mashindano hayo yamelazimisha wanganga kuuliza upya wanapima nini.

Tuchukue tafiti mbili. Ya kwanza ilitoka 2020 katika jarida la JAMA la Marekani. Watoto 1 068 wa miaka 7 mpaka 17, katika hospitali 10, wote wakiwa na apandisite ambayo haijapasuka. Familia zenyewe zilichagua: watoto 370 wakatibiwa na dawa, 698 wakapasuliwa. Baada ya mwaka mmoja, karibu 67 kwa mia wa kundi la dawa walikuwa bado na kidole chao. Tena walipoteza siku chache zaidi za maisha yao ya kawaida kwa sababu ya ugonjwa: kwa wastani siku 6,6, wakati waliopasuliwa walipoteza 10,9. Wengi walisoma hesabu hizo kama habari nzuri kwa dawa.

Utafiti wa pili ulitoka Januari 2025 katika The Lancet. Watoto 936 wa miaka 5 mpaka 16, katika hospitali 11 za Kanada, Marekani, Finland, Sweden na Singapore. Safari hii hakuna aliyechagua: kila mtoto aliwekwa katika kundi lake kwa kura. Baada ya mwaka mmoja, kushindwa kulihesabiwa kuwa 34 kwa mia upande wa dawa, na 7 kwa mia upande wa operesheni. Watafiti walikuwa wameweka mpaka mapema: tofauti ikipita pointi 20, hawatasema kwamba dawa ni sawa na kisu. Tofauti ilifika karibu 27. Hukumu ikatoka: dawa haijafikia operesheni.

Msomaji atazame vizuri. Katika utafiti wa kwanza, watoto 67 kati ya mia walimaliza mwaka bila kupasuliwa. Katika wa pili, ni kama 66. Hesabu ni ileile, theluthi mbili. Lakini mmoja unasomwa kama mafanikio na mwingine kama kushindwa. Watoto hawakubadilika, antibiotiki hazikubadilika sana. Kilichobadilika ni kipimo, na kile ambacho dawa inalinganishwa nacho.

Tena, neno «kushindwa» halikuwa na maana moja kwa makundi mawili ya utafiti wa pili. Kwa mtoto wa dawa, kushindwa ilikuwa kutolewa kidole ndani ya mwaka. Kwa mtoto wa kisu, ilikuwa kupata shida iliyohitaji kulazwa usingizi tena, ao kukutwa kwamba kidole kilichotolewa kilikuwa kizima. Kwa maneno mengine, mtoto wa dawa aliyepasuliwa baada ya miezi minne, akapona vizuri, anahesabiwa ameshindwa. Mwenzake aliyepasuliwa siku ya kwanza, akapona vilevile, anahesabiwa ameshinda. Mzazi mmoja anaweza kusema: «Mimi nilitaka tu mutoto asipasuliwe kama inawezekana, hata kwa nafasi mbili kati ya tatu.» Mwingine atasema: «Mimi nataka jambo liishe leo, nisilale kila usiku nikiogopa tumbo lake.» Wote wawili wana haki, na hesabu ya wanganga peke yake haiwezi kuwaamua.

Huko Uingereza watafiti waliona shida hiyo. Wakakusanya maoni ya wanganga wapasuaji, ya wazazi, na ya vijana wenyewe waliowahi kuugua, ili wapatane juu ya mambo ambayo kila utafiti wa apandisite nyepesi ya watoto unapaswa kupima. Mwaka 2020 walitoa orodha ya mambo 14. Ndani yake kuna yale tunayoyategemea: kifo, usaha ndani ya tumbo, kidonda kuoza, utumbo kuziba, kupasuliwa tena, kurudishwa hospitali, ugonjwa kurudi. Lakini kuna pia siku za kulala hospitali, muda kabla ya mtoto kurudia shughuli zake zote, hofu aliyoipata, na hali ya maisha yake. Mambo kama hayo, hofu ya mtoto na siku zake za kucheza, hayaonekani kwenye meza ya operesheni. Yanajulikana tu mtu akimuuliza mtoto na mzazi wake.

Sasa turudi kwetu. Sisi tunapima nini?

Kipimo cha kwanza kiko nyumbani, na ni kibaya: tunapima kupona kwa maumivu. Mtoto analia tumbo usiku. Bibi anasema: «Mupatie dawa ya minyoo, itapita.» Asubuhi tunaenda farmasi ya kartiye, tunauziwa vidonge vya tifoidi bila labo yoyote. Wengine wanamtia mtoto dawa ya mizizi kwa nyuma ili asafishe tumbo, jambo ambalo ni hatari sana kama kidole kimevimba. Siku ya pili ao ya tatu maumivu yanapungua kwa ghafla. Nyumba nzima inashukuru Mungu. Kumbe wakati mwingine maumivu yanapungua kwa sababu kidole kimepasuka, na presha iliyokuwa ndani imeachiliwa. Saa chache baadaye tumbo lote linakuwa gumu kama ubao, homa inapanda, na ndipo tunatafuta pikipiki ya kwenda hospitali.

Kwa hiyo habari ya «dawa bila kisu» inakuwa hatari ikisafiri bila masharti yake. Watoto wa tafiti zile walipimwa na wanganga, wengi kwa eko ao skanere, na walichaguliwa wale tu ambao kidole chao hakijapasuka. Antibiotiki walianza kuzipewa ndani ya mshipa, wamelala hospitali, munganga mpasuaji akiwa karibu, tayari kupasua hali ikibadilika. Hata hivyo, mmoja kati ya watatu alipasuliwa kabla ya mwaka kwisha. Huyo wa tatu, kule, anaweza kurudi hospitali haraka. Huku, huyo wa tatu atafika namna gani? Antibiotiki za kununua farmasi, kumeza nyumbani na kungoja zina jina lake, kuchelewa.

Na kuchelewa kwetu kunalipwa kwa maisha. Mwaka 2024 The Lancet ilitoa utafiti uliofuata watoto zaidi ya 8 000 waliopasuliwa, kwa magonjwa ya kila namna, katika hospitali 249 za nchi 31 za Afrika. Karibu 18 kwa mia walipata shida baada ya operesheni. Waliokufa walikuwa 2,3 kwa mia, kiasi ambacho watafiti walikilinganisha na kile cha nchi tajiri na kukuta kinakipita mara 11. Hao ni wale waliofika hospitali na kupasuliwa. Mtoto aliyefia nyumbani ao njiani hakuingia katika hesabu hiyo, wala katika nyingine yoyote.

Kipimo cha pili kiko hospitalini. Mwisho wa mwezi kila zoni ya afya, na nchi ina zoni 519, inatuma hesabu: wagonjwa wangapi, operesheni ngapi, vifo vingapi. Kazi hiyo ina maana, na wauguzi wanaoijaza wanastahili heshima. Lakini hesabu ya operesheni inaeleza kazi iliyofanyika, haielezi watoto waliopona. Mtoto anayeshuka mezani akiwa hai ameandikwa kati ya waliofanikiwa. Akirudi siku ya kumi na usaha tumboni, akapokelewa katika hospitali nyingine kwa sababu ya kwanza imewamalizia feza, pale ataandikwa kama mgonjwa mpya. Hospitali ya kwanza inabaki na mafanikio yake, ya pili inabeba kifo kikija.

Kuna zaidi. Kliniki ndogo inayomshika mtoto siku tatu na serumu, halafu inamhamisha anapokaribia kufa, haitakuwa na kifo hata kimoja kwenye daftari lake. Hospitali kubwa inayompokea usiku itakuwa na vifo vingi. Tukilinganisha hesabu hizo tupu, tutasema kliniki inatibu vizuri na hospitali inaua. Wazazi wengi wanasema hivyo tayari: «Kule wanaenda paka kufa.» Hawajui kwamba kipimo chenyewe kimepinda.

Vilevile kuna kidole kizima kinachotolewa bure. Kila mtu hapa mjini anamjua mtu aliyepasuliwa «apandisite», na tumbo likaendelea kuuma kama zamani. Katika utafiti wa 2025, kutoa kidole kizima kulihesabiwa kuwa kushindwa kwa operesheni. Kuhesabu hivyo kunataka kidole kilichotolewa kitazamwe kwenye labo, ao angalau munganga aandike wazi alichokiona: kizima, kimevimba, kimepasuka. Mahali ambapo hakuna anayeandika, kila operesheni inaonekana ilikuwa ya lazima.

Halafu kuna fakitire. Ni jambo ambalo tafiti za Ulaya haziliweki katika orodha, kwa sababu kule bima ao serikali inalipa. Kwetu mpango wa afya kwa wote ulianza Kinshasa mwaka 2023 na uzazi wa bure, na unamwangalia mama anayezaa na mtoto mchanga. Mtoto wa miaka tisa mwenye apandisite hayumo. Baba anauza simu, mama anauza mtaji wake wa sokoni, mkubwa wa nyumba anaachishwa masomo ili mdogo alipiwe. Na tunajua sote kwamba kuna watoto waliopona kabisa, kidonda kimekauka, lakini wanashikiliwa katika lopitali wiki kadhaa juu ya deni. Katika daftari mtoto huyo amepona. Nyumbani kwao bado wako katika ugonjwa.

Kuhesabu feza si mambo ya wanasiasa tu. Tume ya The Lancet juu ya upasuaji duniani, mwaka 2015, ilipendekeza vipimo sita kwa kila nchi. Cha kwanza kinauliza ni watu wangapi wanaweza kufikia hospitali yenye uwezo wa kupasua ndani ya saa mbili. Kingine kinahesabu vifo vya waliopasuliwa kabla ya kutoka hospitali. Na viwili kati ya vile sita vinahusu familia zinazoharibiwa na gharama. Kwa hiyo tukisema deni ni sehemu ya matokeo ya matibabu, tuko ndani ya vipimo vinavyokubalika.

Saa mbili zile nazo si jambo la barabara peke yake. Mwezi huohuo wa Januari 2025, wakati utafiti juu ya watoto 936 unatoka, hospitali za Goma zilikuwa zimejaa majeruhi wa vita. Siku kama hizo mtoto mwenye tumbo anaweza kuwa na nyumba mita mia tano kutoka hospitali, lakini meza ya operesheni iko mbali naye. Yeyote atakayepima matibabu ya apandisite mashariki ya nchi bila kuandika saa ambazo mtoto alingoja, na kwa sababu gani, atakuwa amepima kisu tu.

Je, tunaomba nini? Hatuombi mashine wala utafiti wa mamilioni ya dola. Tunaomba kila hospitali inayopasua watoto iongeze mistari minne katika daftari lake la operesheni.

Wa kwanza: maumivu yalianza siku gani na saa gani, na mtoto alipasuliwa saa gani. Hapo tutajua muda ulipotea wapi: nyumbani, kwenye farmasi, katika kituo cha afya, ao kwenye kiti cha kungojea mbele ya kasa kwa sababu amana haijalipwa. Wa pili: kidole kilikutwa namna gani. Wa tatu: hali ya mtoto siku ya 30, yuko hai, kidonda kimefunga, amerudi hospitali yoyote ao hapana. Wa nne: amerudia masomo siku gani, na familia imebaki na deni ao hapana. Mistari miwili ya mwisho inataka simu moja tu. Namba ya mzazi hospitali inayo tayari. Wanaitumia kila mara deni likichelewa.

Tunajua majibu ya wanganga. Watasema: karatasi ni nyingi, mishahara inachelewa, na hesabu hizi zitatumiwa kutuhukumu. Jambo la mwisho ndilo zito. Munganga anayepokea watoto walioharibika tayari ataonekana mbaya kuliko mwenzake anayechagua wagonjwa. Lakini mstari wa kwanza na wa pili vinamlinda. Vikionyesha kwamba watoto wake wengi walifika siku ya nne, kidole kimepasuka, basi vifo vyake vinaanza kueleza habari ya barabara, ya umaskini, ya vituo vya afya vilivyochelewa kuhamisha. Bila mistari hiyo, lawama yote inamwangukia yeye.

Kwa serikali ya jimbo na kwa wakubwa wa zoni za afya, mistari hiyo ingeeleza feza iwekwe wapi. Kama watoto wengi wanapotea kabla ya kufika, kisu kipya hakitasaidia. Itasaidia pikipiki ya kubeba wagonjwa, na muuguzi wa kituo anayejua kugusa tumbo na kuhamisha siku ileile. Kama wanafika mapema na kungoja mbele ya kasa, basi itungwe sheria kwamba mtoto wa tumbo la haraka anapasuliwa kwanza, hesabu baadaye. Kama wanapasuliwa vizuri na kuoza vidonda nyumbani, tuangalie usafi, bandeji na dawa za baada ya kutoka.

Na sisi wazazi tuna sehemu yetu. Tumbo la mtoto likiuma zaidi ya saa chache, likihamia kuume, akikataa chakula na kutapika, tusimtie kitu kwa nyuma, tusinunue antibiotiki kwa kubahatisha. Twende apimwe. Maumivu yakipungua ghafla kabla ya munganga kumwona, tusirudi nyumbani. Na munganga akisema amemaliza, tumuulize bila aibu: «Dokta, mulikuta nini mule ndani? Tukiona nini turudi? Tarehe gani mutamuangalia tena?» Munganga mzuri hatachukia maswali hayo.

Kwa swali la dawa ao kisu, basi, jibu letu ni hili. Mahali penye eko, kitanda, munganga mpasuaji usiku na mchana, na njia ya kurudi haraka, wazazi na munganga wanaweza kuzungumza juu ya dawa, wakijua kwamba mmoja kati ya watatu atapasuliwa tu. Mahali ambapo hayo hayapo, kumchelewesha mtoto kwa ajili ya dawa ni kucheza na maisha yake. Na popote pale, kisu ao dawa, hatutakubali tena kuambiwa mtoto amepona kwa sababu tu ametoka hospitali. Tutauliza kama siku ya thelathini alikuwa darasani.